Kishikilia nafasi si maandishi ya kijivu

Juzi mfumo wetu ulipokea lalamiko la mteja lililosomeka hivi: "Andika maelezo yako hapa". Basi, hakuna la ziada. Kijana aliyeitengeneza fomu akanijibu, "Kaka, si kishikilia nafasi tu hicho?"

Sicho. Kishikilia nafasi ni maneno hafifu yanayoonekana kwenye sehemu ya kuandikia ikiwa bado tupu. Ukiandika herufi moja yanatoweka, ukifuta yote yanarudi. Maana yake ndiyo hiyo.

Ila aliyelitunga neno alijua anachofanya. Kushika ni kukamata. Kushikilia ni kukamata bila kuachia. Aliyewahi kugombania daladala Kariakoo jioni hahitaji kamusi: unarusha mkoba dirishani, unatua kwenye siti, nafasi imeshikiliwa. Ukiingia unauondoa, unakaa. Na konda akipita kudai nauli, haudai mkoba. Anajua siti ile haijapata mtu.

Programu nayo inapaswa kuwa na akili ya konda. Kwenye Android, EditText (sehemu ya kuandikia) hupewa android:hint, yaani yale maneno hafifu, iwe ya mstari mmoja au kumi, na ukiiuliza ina maandishi gani itakujibu haina kitu. Balaa liko iPhone. UITextField, ya mstari mmoja, ina sifa ya placeholder, ndiyo kishikilia nafasi. UITextView, ya mistari mingi, haina. Hapo ndipo vijana hujiongeza: wanayaweka maneno kwenye text yenyewe, mahali pa kile alichoandika mtu, wanayapaka kijivu, mtu akigusa wanayafuta. Kwa macho, hakuna tofauti. Kumbe mkoba umekatiwa tiketi! Mteja akibonyeza "Tuma" bila kuandika, maneno yanasafiri naye. Na asiyeona, anayetumia VoiceOver, kisoma skrini cha iPhone, atasomewa maneno hayo kana kwamba ameshayaandika mwenyewe.

Dawa yake si ngumu. Weka UILabel (lebo ya kuonyesha maneno tu) juu ya UITextView, uifiche kila text inapokuwa na kitu. Label isogeze pointi 8 kutoka juu na 5 kutoka pembeni, la sivyo maneno yataruka mtu akianza kuandika. Kumbuka pia kwamba ukiijaza text kwa msimbo wa programu, tuseme unarudisha rasimu ya jana, textViewDidChange, inayokuarifu kwamba mtu ameandika, haiitwi, kwa hiyo ifiche label mwenyewe (hili lilinila jioni nzima). Anayetumia SwiftUI, njia nyingine ya Apple ya kutengeneza skrini, amepona: tangu iOS 16, TextField yenye axis: .vertical inakua kwenda chini na kishikilia nafasi chake kiko palepale.

Kwa hiyo, mdogo wangu, siku nyingine kabla hujasema umeweka kishikilia nafasi, soma text ya fomu ambayo hakuna aliyeigusa. Ikirudi tupu, sawa, umekiweka. Ikirudi "Andika maelezo yako hapa", ulichoweka ni maandishi ya kijivu.