Hagler dhidi ya Golovkin: Mugabi na Ouma Wanatupa Kipimo

Kampala ukigusia ngumi za uzito wa kati, maongezi hayafiki mbali kabla ya kumtaja John Mugabi, "The Beast". Ni haki yake. Leo namtumia kama mizani. Marvin Hagler wa Marekani alipigana mara ya mwisho Aprili 1987, mwaka ambao Gennady Golovkin wa Kazakhstan alitimiza miaka mitano. Hawa wawili hawangeweza kukutana. Lakini mabondia wetu wawili wa Uganda wamepanda nao ulingoni: Mugabi na Hagler, Las Vegas, 10 Machi 1986, Kassim Ouma na Golovkin, Panama, 17 Juni 2011. Mapambano hayo mawili yananifanya, katika pambano la kufikirika kati ya Hagler na Golovkin, nimpe Hagler ushindi wa pointi, 115–113.

Masharti kwanza, maana bila hayo ni kelele tu. Uzito usiozidi pauni 160, yaani kilo 72.5. Raundi 12. Hagler wa 1983 hadi 1985, Golovkin wa 2014 na 2015. Hagler aliyepoteza kwa Sugar Ray Leonard alikuwa na miguu mizito zaidi, na Golovkin wa pambano la tatu na Canelo Álvarez, 2022, alikuwa na miaka 40. Ukimchukua mmoja akiwa kileleni na mwingine akiwa amechoka, umeshapanga mshindi.

Wengi huanza kwa kuhesabu KO, yaani ushindi wa kummaliza mpinzani kabla ya kengele ya mwisho. Golovkin ana 37 katika mapambano 45, Hagler 52 katika 67: asilimia 82 kwa 78. Tofauti hiyo ni ndogo, tena hesabu ya KO inakueleza zaidi habari za waliopigwa. Mugabi alipofika mbele ya Hagler, hakuna mpinzani wake hata mmoja aliyekuwa amesikia kengele ya mwisho. Hagler alizila ngumi zile, jicho likavimba, akaendelea kusogea mbele, na raundi ya 11 Mugabi akahesabiwa akiwa chini. Katika mapambano 67 Hagler aliandikiwa kuanguka mara moja tu, na Juan Roldán mwaka 1984, na wengi tuliotazama picha zile tunaona aliteleza. Golovkin naye hajawahi kuangushwa. Kwa hiyo anayetabiri KO ya mapema, upande wowote, anabashiri bila ushahidi.

Pambano hili litaamuliwa na jebu, yaani ngumi ya kunyooka ya mkono wa mbele, na mguu wa mbele.

Nguvu ya Golovkin inatokana na jebu. Tazama alivyomvunja David Lemieux mwaka 2015: jebu zito raundi baada ya raundi, ndipo zikafuata ngumi za mwilini. Sasa Hagler, aliye mfupi kidogo, ana mikono mirefu zaidi: upana wa sentimita 190 dhidi ya 178 za Golovkin. Tena husimama kwa mashoto, mguu wa kulia mbele. Bondia wa kawaida akikutana na wa mashoto, mikono ya mbele inagongana njiani na jebu linaishia kwenye glovu. Dawa yake wanaoijua kazi ya ulingoni wanaifahamu: weka mguu wako wa kushoto nje ya mguu wa kulia wa mpinzani, kisha piga konde la kulia lililonyooka katikati ya mikono yake. Kosa la kawaida ni kuingia moja kwa moja. Mguu wako ukibaki ndani, unajipeleka kwenye konde lake la kushoto.

Golovkin kwa mazoea huingia moja kwa moja. Hufunga kona za ulingo vizuri ajabu, lakini kwa hatua fupi za kunyooka mbele. Ndiyo maana nasisitiza pambano la Ouma. Ouma, bondia wa mashoto, bingwa wa mwaka 2004 wa IBF, mojawapo ya mashirikisho ya ngumi ya kimataifa, alikuwa mdogo wa mwili kuliko Golovkin na siku zake bora zilikuwa zimepita. Hata hivyo alimfuata, akarusha ngumi nyingi na kumgusa mara kwa mara, hadi mwamuzi alipolisimamisha raundi ya 10. Mpe Hagler nafasi hizo hizo, mwenye mwili wa uzito wa kati hasa na uwezo wa kubadili kusimama katikati ya raundi.

Golovkin ana njia yake pia. Ini liko upande wa kulia wa mwili, na mtu wa mashoto huutanguliza upande huo. Ngumi ya kushoto ya kuzungusha kwenye mbavu ndiyo silaha yake bora. Raundi ya 4 hadi ya 6 naona anazitumia, na Hagler analazimika kugeuka, kushoto mbele, ili alifiche ini. Hapo jebu la Golovkin linapata njia tena, na ndiyo sababu matokeo siyaoni mapana. Lakini yeye mwenyewe hazipendi ngumi za mwilini: Sergiy Derevyanchenko alimuumiza kwazo mwaka 2019, na Hagler ni fundi wa kazi hiyo.

Hesabu yangu: raundi ya 1 hadi 3, Hagler mbili, 4 hadi 6, Golovkin mbili, 7 hadi 9, Hagler mbili, 10 hadi 12, Hagler mbili. Saba kwa tano. Mshindi wa raundi hupewa pointi 10 na aliyeshindwa 9, ndiyo inatoka 115–113.

Linaloweza kuniharibia utabiri ni ngozi ya Hagler. Dhidi ya Thomas Hearns, 1985, alichanika paji la uso, na raundi ya tatu mwamuzi alisimamisha pambano ili daktari amwangalie. Kidonda cha ngumi kikizidi, Golovkin anashinda kwa TKO, yaani pambano kusimamishwa. Kikitokana na vichwa kugongana kwa bahati mbaya, jambo la kawaida kati ya mashoto na kulia, kabla raundi nne hazijaisha hakuna mshindi. Baada ya hapo majaji wanajumlisha kadi.

Hatari nyingine ni Hagler kuanza kwa kusimama kulia, yaani mguu wa kushoto mbele, kama alivyofanya kwa Leonard na kugawa raundi za mwanzo. Akifanya hivyo mbele ya Golovkin, zile raundi mbili zangu za mwanzo zinahama, na kadi inasomeka 115–113 kwa Golovkin.