Je, wajua takrima, yaani zawadi za mgombea kwa wapiga kura, iliwahi kuwa halali Tanzania?

Ndiyo, na kwa maandishi. Mwaka 2000 Sheria ya Uchaguzi ilirekebishwa, ikasema anachotoa mgombea kwa nia njema kama ukarimu wa kimila hakihesabiwi kuwa rushwa. Aprili 2006 Mahakama Kuu ikavifuta vifungu hivyo katika kesi ya asasi tatu, kikiwamo Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, kwa kuwa vilimbagua mgombea asiye na fedha. Mwaka 2010 Bunge likapitisha Sheria ya Gharama za Uchaguzi: matumizi yana kikomo, vyanzo vya fedha vitajwe, na msimamizi ni Msajili wa Vyama vya Siasa.

Mbona basi ukimkemea mtu kwa kupokea khanga ya mgombea anakushangaa?

Tazama kalenda ya Dodoma. Mvua ni msimu mmoja, Desemba hadi Aprili hivi, na uchaguzi mkuu kwa kawaida huwa Oktoba. Kufikia hapo, kule Chamwino au Bahi, mtama ghalani umepungua na hela ya alizeti imeshaliwa. Kilo ya sukari na elfu tano ya "nauli" ya kuja mkutanoni si vitu vya kukataa. Mpokeaji naye ana hesabu zake: huyu nitamwona tena baada ya miaka mitano, acha nile chake sasa. Mimi sioni ujinga hapo.

Halafu kuna sheria ya rushwa yenyewe, inayomtia hatiani anayetoa na anayepokea. Bibi mwenye khanga akienda TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, kushitaki, si anajipeleka mwenyewe? Ananyamaza, na jirani yake vilevile.

Kwa hiyo anayetaka wananchi waunge mkono mageuzi ya fedha za uchaguzi aache kuwahubiria kwamba rushwa ni adui wa haki; wimbo huo wanaujua tangu shule. Awape hesabu. Chukulia mgombea kagawa elfu tano kwa watu elfu kumi. Hiyo ni milioni 50, hata mafuta ya bodaboda hujaweka. Nani kampa, na atamlipa nini akishaapishwa? Zabuni ya kisima? Barabara ya kata? Ukiuliza hivyo kijiweni, watu huacha kuzozana juu ya khanga ya bibi na kuanza kumtafuta mfadhili.

Madai yenyewe ni mepesi kuelezeka: matokeo ya kura hubandikwa kituoni, basi na orodha ya waliomchangia mgombea ibandikwe ofisi ya kata kabla ya siku ya kupiga kura. Na aliyepokea akatoa taarifa asishitakiwe.