Mfuko wa pili wa kisanduku

Kazi yangu ni kufuatilia ma AVEC, vile vikundi vya kuweka na kukopa, hapa Goma, mashariki ya Kongo, mitaa ya Katoyi, Majengo na kwingine, na swali ninaloulizwa kila mara na wageni ni hili, watu wenu wanapenda franga, yaani pesa, sana, mbona hawaweki benki? Mimi nawaambia kwanza waje waone kisanduku.

Kina kufuli tatu, na funguo zake ziko kwa watu watatu, hata rais wa kikundi hafungui peke yake. Ndani mna mifuko miwili. Wa kwanza ni wa akiba, kila mkutano unanunua hisa moja mpaka tano, wanakupigia muhuri kwenye kakitabu kako, mwaka ukiisha mnagawana na faida ya mikopo. Wa pili ni wa solidarite, yaani wa kusaidiana, na huo kila mtu anatoa sawasawa, mwenye duka Birere na mama wa makala kiasi kimoja. Sasa hapo njo utajua watu wanathamini nini. Akiba tunaigombania, mtu anachelewesha deni, tunamutoza amende, yaani faini, ananuna, yote hiyo iko. Lakini solidarite, nimeona mama amekosa mtaji wa sambaza, vile visamaki vya ziwa, za kesho, nikamwambia si uombe kidogo kwenye ule mfuko, akaniangalia kama nimemtukana: "Ile ni ya kilio na ya hopitali, mwana. Mutoto wa mwenzangu akikufa usiku, tutamuzika na nini?"

Na wazee kuogopa benki si ujinga. Mwaka 1993 zaire 3.000.000, pesa yetu ya zamani, zilifanywa zaire mpya 1, halafu 1998 zaire mpya 100.000 zikawa franga 1, yaani aliyekuwa na zaire za zamani bilioni 300 alibaki na franga moja mkononi! Januari 2002 lava ya volkano Nyiragongo ikapita katikati ya mji. Januari 2025 vita ikaingia, benki zikafunga, mtu ana franga kwenye konti na hana unga nyumbani.

Kipindi hicho kikundi kimoja ninachofuatilia kilikaa wiki tatu bila mkutano. Tulipokutana kisanduku kilikuwepo, mama mmoja alikificha chini ya makala, lakini funguo zilifika mbili tu, mwenye ufunguo wa tatu alikimbia na watoto na simu yake haiiti. Na njaa ilikuwepo, siwafichi, wachache wakasema tuvunje kufuli. Wengi wakakataa, wakachanga tena kidogo kidogo kutoka mfukoni, ikapatikana nauli ya pikipiki, kijana akatumwa upande wa Sake kumutafuta.

Kisanduku tulikifungua Machi, na ufunguo wa tatu aliushika yeye mwenyewe.