Kura Iliyokataliwa Si Kura ya Hasira

Wiki iliyopita nilikuwa kwa kinyozi hapa Malindi, shuka imenifunga shingoni, mashine i kisogoni, sina njia ya kuinuka wala ya kukimbia, ndipo kijana aliyekuwa akininyoa aliponiambia: "Ami, mwaka 2027 mimi nitakwenda kupiga kura, lakini ile karatasi nitaiharibu makusudi, ili wajue vijana tumechoka." Mwenzake aliyekaa bencini akamsahihisha, akisema kwamba yeye hata haendi, kwa kuwa kutokwenda nako ni kura. Maneno haya nimeyasikia barazani, sokoni, kwenye matatu na katika kila semina ya elimu ya mpiga kura niliyopata kuisimamia. Kwa kuwa nimefanya kazi ya karani na baadaye ya msimamizi wa kituo katika chaguzi kadhaa, naomba niseme mara moja kwa maandishi ili nisilazimike tena kusema nikiwa chini ya wembe.

Kwanza, karatasi iliyoharibika na kura iliyokataliwa ni vitu viwili, ingawa magazeti na redio huvichanganya kila uchaguzi na kunitia homa. Karatasi iliyoharibika ni ile ambayo mpiga kura ameikosea kabla ya kuitumbukiza, pengine mkono umeteleza au wino umechuruzika, naye akairudisha kwa msimamizi, ikapigwa alama ya kufutwa, akapewa nyingine. Hiyo haiingii sandukuni kabisa. Kura iliyokataliwa ni ile iliyoingia sandukuni lakini ikakosa sifa: haina muhuri rasmi, imewekewa alama kwa wagombea wawili, haina alama yoyote, au imeandikwa kitu kinachoweza kumtambulisha aliyeipiga. Kijana wangu wa saluni, kwa hiyo, hata jina la anachotaka kukifanya halijui, na mtu asiyejua jina la silaha yake ni vyema asiichomoe.

Hebu nieleze kinachotokea usiku, kwa sababu nadhani wengi hudhani kuna mtu mahali fulani anayezisoma hasira hizo. Sanduku la rais hufunguliwa kwanza. Naichukua karatasi moja moja, naifunua, naionyesha kwa mawakala wa wagombea, nalitaja jina. Nikiikuta karatasi iliyoandikwa "maji kwanza" kutoka juu mpaka chini bila alama kwa yeyote, naionyesha vilevile, natamka kwamba imekataliwa, mawakala wanaguna au wanacheka, kisha inatiwa kwenye bahasha ya zilizokataliwa na kufungwa. Katika Fomu ya 34A, ile ya matokeo ya rais ya kila kituo, kuna nafasi ya idadi ya kura zilizokataliwa, na idadi hiyo ndiyo yote inayosafiri kutoka darasani kwetu. Aliyeandika "maji kwanza", bibi mzee aliyeweka alama kwa wagombea wawili kwa sababu ya macho, na aliyetumbukiza karatasi tupu kwa kusahau, wote ni tarakimu moja. Hakuna fomu yenye mstari wa kuandika kwamba huyu alikasirika.

Mwaka mmoja nilipata karatasi ambayo mtu ameandika neno "mwizi" ndani ya kisanduku cha mgombea mmoja, na visanduku vingine vyote vitupu. Kanuni zetu hazisemi kwamba lazima alama iwe ya vyema (✓) au ya mkwaju (/). Zinasema kwamba nia ya mpiga kura ikiwa wazi, kura isikataliwe kwa sababu ya umbo la alama tu. Basi wakala wa huyohuyo aliyeitwa mwizi ndiye aliyesimama kudai kura hiyo ihesabiwe kuwa yao, kwa hoja kwamba kisanduku kilichoandikwa ni chake na hakuna kingine kilichoguswa. Tulibishana takriban robo saa, mishumaa ikiyeyuka kwa kuwa umeme ulikuwa umekatika. Niliikataa, na mpaka leo sina hakika kwamba nilikuwa sahihi. Ninachojua ni kwamba mwandishi wa neno lile, popote alipo, alikaribia kumpa kura mtu aliyetaka kumtukana.

Kisha kuna hesabu, na hapa ndipo subira yangu huisha. Katiba ya Kenya inamtaka rais apate zaidi ya nusu ya kura zilizopigwa, pamoja na angalau robo ya kura katika zaidi ya nusu ya kaunti. Mwaka 2013 Uhuru Kenyatta alitangazwa kuwa na asilimia 50.07, na swali likafika Mahakama ya Juu kama kura zilizokataliwa zinaingia katika jumla hiyo au haziingii. Mahakama iliamua haziingii. Kura zaidi ya 108,000 zilizokuwa zimekataliwa zikitolewa kwenye jumla, asilimia ya mshindi inapanda na kuvuka 50.5. Tafadhali lisome tena jambo hilo polepole. Anayeifanya karatasi yake ikataliwe kwa makusudi hapunguzi chochote kwa anayeongoza. Anapunguza jumla inayogawanywa, na fungu la anayeongoza linanenepa kidogo.

Kuhusu kutokwenda kabisa sina haja ya maneno mengi. Tarehe 26 Oktoba 2017, uchaguzi wa rais uliporudiwa baada ya ule wa Agosti kufutwa, walijitokeza takriban asilimia 39 ya walioandikishwa, matokeo yakatangazwa, Mahakama ya Juu ikayathibitisha mwezi uliofuata. Sheria yetu haina kiwango cha chini cha mahudhurio. Wakija watu kumi, hao kumi ndio watakaochagua.

Lakini kinachoniudhi kuliko vyote ni vijana wanaoukumbuka uchaguzi siku ya rais tu. Kwa kura ya rais, nakiri, uzito wa mtu mmoja ni mdogo mno, na ningekuwa mwongo kumwambia mtu wa Ganda hapa Malindi kwamba yeye peke yake ndiye atakayeamua nani aingie Ikulu. Mwaka 2022 tofauti ya William Ruto na Raila Odinga ilikuwa kura zaidi ya 233,000. Sasa tembea kidogo tu kaskazini, uvuke mto Sabaki, uingie jimbo la Magarini. Mwaka huohuo, siku hiyohiyo, kiti cha ubunge kilitangazwa kwa tofauti ya kura 21. Ishirini na moja! Idadi hiyo inajaa katika matatu moja na nusu ya kwenda Marafa. Kesi ikaenda mahakamani, ushindi ukafutwa, na kwa kuwa tume ya uchaguzi ilikaa muda mrefu bila makamishna, uchaguzi mdogo haukufanyika hadi tarehe 27 Novemba 2025. Kila kijana wa Gongoni au Mambrui aliyelala nyumbani Agosti ile kwa kusema "rais watamchagua watu wa bara" aliziacha karatasi nyingine tano pamoja na ile ya rais, na moja kati ya hizo tano ilikuwa ikining'inia kwa uzi.

Malindi yenyewe tumekuwa na uchaguzi mdogo wa ubunge mwezi Machi 2016 na wa wadi ya Ganda mwezi Oktoba 2019. Katika chaguzi za namna hii foleni huwa fupi, na wanaojipanga huwa walewale: akina mama wa vikundi, wazee wenye mikongojo, na watu waliosafirishwa na wagombea. Mwakilishi wa wadi ndiye anayepitisha bajeti ya kaunti, ile yenye basari, barabara za ndani na zahanati. Vijana huniambia kwamba hao nao ni walewale wa kununuliwa. Huenda. Lakini kununua foleni fupi ni rahisi kuliko kununua ndefu, na hilo wanunuzi wanalijua vizuri sana.

Kinyozi wangu alikuwa na hoja moja iliyonifunga mdomo. Alisema kwamba Juni 2024 vijana waliingia barabarani, na mswada wa fedha ukaondolewa siku moja baada ya Bunge kuupitisha, jambo ambalo kura yake haijawahi kulifanya. Ni kweli, nami sina jibu linalotosha, hasa nikikumbuka waliouawa. Nilimwambia tu kwamba wabunge 195 walisema ndiyo siku ile na 106 wakasema la, na kwamba karibu kila mmoja wao alipelekwa pale na foleni fulani. Alinyamaza, akaendelea na kisogo. Sidhani nilimshinda. Vilevile sikumficha kwamba kupiga kura sawasawa si dhamana ya kuhesabiwa sawasawa. Uchaguzi wa Agosti 2017 ulifutwa kwa sababu ya yaliyotokea baada ya foleni, si ndani yake.

Aliponikung'uta nywele shingoni, nilimuuliza ameandikishwa wapi. Kisauni, akasema, tangu alipokuwa akifanya kazi Mombasa. Yaani miaka minne anaishi Malindi, analalamikia barabara ya Malindi, na jina lake liko kwenye sajili ya mahali asipolala. Nikamweleza kwamba anaweza kuhamisha kituo katika ofisi ya tume ya jimbo analohamia, aende na kitambulisho chake, na asingoje kiti kiwe wazi, kwa sababu kikishatangazwa kuwa wazi uandikishaji katika eneo hilo husimamishwa hadi uchaguzi mdogo upite. Aliniuliza kama ofisi hufunguliwa Jumamosi, kwa kuwa siku nyingine hawezi kuiacha saluni. Nilimwahidi kwenda kuuliza, na kesho asubuhi ndiko niendako.