Kwa Nini Mkono Bado Una Ganzi Hadi Alfajiri?

Mgonjwa aliyevunjika mkono anachomwa sindano ya ganzi kwapani saa 4 asubuhi. Baada ya muda anavitazama vidole vyake, anataka vikunjike, vimelala tu. Wengi huuinua mkono huo kwa ule mwingine, wakishangaa uzito wake. Dawa ya ganzi iitwayo bupivakaini peke yake huweza kuushika mpaka usiku. Lakini mara nyingi daktari wa usingizi huongeza dawa ya pili, na mgonjwa ana haki ya kuijua.

Ya zamani ni adrenalini, ambayo Mjerumani Heinrich Braun aliichanganya na dawa ya ganzi mwaka 1903. Hubana mishipa midogo ya damu, hivyo ganzi haisombwi upesi. Tunaweka kidogo mno, kwa kawaida mikrogramu 5 kwa kila mililita, nayo hutulindia mgonjwa: dawa ya ganzi ikiingia kwenye mshipa wa damu kwa bahati mbaya, mapigo ya moyo hupanda ghafla kwenye mashine, nasi tunaacha kuchoma hapohapo.

Inayotumika sana sasa ni deksamethasoni, miligramu 4 hadi 8, ambayo huongeza takriban saa 6 au zaidi. Kibali chake cha matumizi hakitaji kuchomwa kando ya mshipa wa fahamu, kama inavyochomwa hapo kwapani pamoja na ganzi. Ikipitishwa kwenye mshipa wa damu pia hurefusha ganzi, pengine pungufu kidogo, na mimi naipendelea njia hiyo. Huweza kupandisha sukari, kwa hiyo mwenye kisukari aseme mapema. Klonidini na deksmedetomidini hurefusha pia, ila huweza kushusha presha na mapigo, na mgonjwa akasinzia.

Saa hizo za ziada ndizo zinazonifanya niandike. Mkono usiosikia kisu cha daktari hausikii pia sufuria ya moto, wala POP (plasta ngumu ya mfupa) iliyobana. Ufungwe kitambaa shingoni, ukae mbali na jiko, na ndugu avitazame vidole mara kwa mara. Vikivimba sana, vikiwa baridi au vikibadilika rangi, rudini hospitali usiku huohuo, msingoje ganzi iishe.

Na vidonge vya maumivu mlivyoandikiwa vimezwe kabla ya kulala, hata mgonjwa akisema haumwi. Ganzi ikiachia saa 10 alfajiri huachia kwa kishindo, na kidonge kinachomezwa wakati huo huchelewa kufanya kazi.