Alama ya Linux kwenye gemu haithibitishi ubora: dhana potofu na ukweli

Haipiti wiki bila mteja kuniuliza kwa nini nimemwekea toleo la Windows la gemu fulani kwenye kompyuta ya Linux, kupitia Proton (programu ya kampuni ya Valve inayoendesha magemu ya Windows ndani ya Linux), ilhali gemu hilohilo lina toleo la Linux. Wengine huuliza kwa upole. Wengine huja wameshakasirika, wakiamini nimewafanyia kazi ya kulipua. Nimeshajibu kwa mdomo vya kutosha. Safari hii naandika, ili atakayeuliza kesho nimtumie asome mwenyewe.

"Gemu likiwa na toleo la Linux, hilo ndilo bora. Proton ni ya kubahatisha."

Hii ndiyo inayonichosha kuliko zote, kwa sababu inawafanya watu wateseke na gemu linalokwama huku dawa iko hatua mbili tu mbele yao.

Mtu akiona alama ya Linux kwenye ukurasa wa Steam, duka la magemu la Valve, hudhani gemu limeandikwa upya kwa ajili ya Linux. Magemu mengi makubwa yaliyoletwa Linux kati ya 2013 na 2018 hayakuandikwa upya. Yaliandikwa kwa Direct3D, njia ya gemu kuiagiza kadi ya michoro, ambayo ni ya Microsoft na haipo Linux, na studio iliyopewa kazi ya kuyahamisha haikuwa na muda wala fedha za kujenga upya injini ya michoro. Ilichofanya ni kuweka tabaka katikati. Gemu linatoa agizo kwa Direct3D, tabaka linaligeuza kuwa la OpenGL, njia kama hiyo ambayo Linux inayo, kisha dereva wa kadi (programu inayoiendesha) analitekeleza. Hiyo ndiyo kazi ambayo Proton inaifanya leo. Tofauti ni kwamba tabaka lile lilifungiwa ndani ya gemu, na mara nyingi limebaki vilevile tangu gemu lilipotoka.

Valve wenyewe walipita njia hiyo. Agosti 2012 walitangaza kwamba gemu lao la Left 4 Dead 2 kwenye Ubuntu, aina mojawapo ya Linux, limefika fremu 315 kwa sekunde, wakati mashine ileile ikiwa na Windows 7 ilitoa 270.6. Namba hizo bado zinarushwa kwenye kila mabishano kama ushahidi kwamba toleo la Linux halina mpinzani. Wanaozirusha hawasemi kwamba toleo la kwanza la Valve lilitoa fremu 6 tu, wala kwamba lile lililofika 315 lilikuwa na tabaka la kutafsiri Direct3D ndani yake, ambalo Valve waliliachia hadharani mwaka 2014 kwa jina la ToGL. Fremu 315 zilipatikana kwa sababu wahandisi walikaa na injini yao wenyewe, wakashirikiana na watengenezaji wa kadi za michoro, wakapunguza gharama ya kila agizo kadiri walivyoweza. Mwaka 2021 Valve haohao waliongeza Vulkan, mrithi wa OpenGL, kwenye Portal 2 na Left 4 Dead 2 kwa kutumia DXVK, kigeuzi cha Direct3D kwenda Vulkan, kipande kilekile kinachoibeba Proton.

Sasa linganisha na The Witcher 2 ya Mei 2014. Studio ya Virtual Programming walilihamisha kwa tabaka lao liitwalo eON, na lilipotoka lilikuwa linajikokota hata kwenye kadi nzuri. Wanunuzi walilalamika sana. Viraka vilivyofuata vilirekebisha mengi, lakini jina lilikuwa limeshaharibika. Feral Interactive, studio nyingine ya kuhamisha magemu, kwa upande wao, walifanya kazi ya heshima kuanzia XCOM: Enemy Unknown mwaka 2014 hadi Rise of the Tomb Raider, iliyotoka Aprili 2018 ikitumia Vulkan. Programu yao ya GameMode, inayoifanya prosesa ikimbie kwa nguvu zote wakati gemu limefunguliwa, naiweka kwenye kila mashine inayopita mikononi mwangu. Kwa hiyo msinielewe vibaya: sina ugomvi na matoleo ya Linux. Nina ugomvi na kuamini alama bila kuuliza nani alifanya kazi, na kama bado anaitunza.

Kwa maana ubovu mkubwa wa matoleo haya hauonekani siku ya kwanza. Unaonekana baada ya miaka. Studio ya kuhamisha hulipwa kwa kazi moja, ikimaliza inaondoka. Toleo la Windows linaendelea kupata apdeti, la Linux linachelewa, na siku moja unashindwa kucheza na rafiki yako kwa sababu namba za matoleo yenu hazilingani. Rocket League ilikuwa na toleo la Linux. Machi 2020 Psyonix waliacha kulihudumia, na kucheza mtandaoni kukaishia hapo. Waliotaka kuendelea walihamia toleo la Windows ndani ya Proton.

Na mfumo wenyewe unasonga. Agosti 2022 glibc 2.36, maktaba ya msingi ambayo programu za Linux huitegemea, ilitoka bila sehemu ya zamani iitwayo DT_HASH, na magemu yaliyokuwa yakitegemea Easy Anti-Cheat, programu ya kuzuia udanganyifu, yakagoma kwenye mifumo iliyosasishwa mapema. Gemu ambalo mtunzaji wake ameshaondoka halina wa kulitetea kwenye jambo kama hilo. Proton inao, maana inasasishwa kila wakati na apdeti moja inafaidisha maelfu ya magemu kwa mpigo.

Kuna kosa lingine ambalo nalikuta zaidi kwenye magemu ya studio ndogo, zile zinazobonyeza kitufe cha injini na kutoa toleo la Linux bila kulifungua hata mara moja. Niliwahi kuletewa gemu ambalo kuta zote za pango zilikuwa za rangi ya waridi iliyokolea, ile inayojitokeza injini inapokosa picha ya kuweka. Mwenye laptopu alishaambiwa kadi yake imekufa. Nikalifungua gemu kupitia terminal (dirisha la kuandika amri) ili nisome linacholalamikia: lilikuwa linatafuta faili Textures/Rock.png, na kwenye diski faili lilikuwa limeandikwa textures/rock.png. Windows haijali herufi kubwa na ndogo. Linux inajali, kwake hayo ni mafaili mawili tofauti. Kwenye Proton tatizo hilo lisingetokea, kwa sababu Wine, sehemu ya Proton inayoigiza tabia za Windows, inatafuta jina kwa namna ya Windows. Kadi ilikuwa nzima kabisa.

Yapo matoleo ya Linux ambayo siwezi kumshauri mtu ayaache. Factorio, kwa mfano. Linatunzwa na watu walewale walioliandika, na kwenye Linux lina chaguo la kuhifadhi bila kusimamisha mchezo: programu inajigawa mara mbili, nakala moja inaandika faili kwenye diski na wewe unaendelea kujenga kiwanda. Unahitaji RAM ya kutosha, lakini mwenye kiwanda kikubwa anajua ahueni yake. Dota 2 na Counter-Strike 2 ni za Valve, zinapata apdeti siku moja na Windows. Na Septemba 2025 Larian walitoa toleo la Baldur's Gate 3 lililojengwa mahususi kwa Steam Deck, kompyuta ya mkononi ya Valve inayotumia Linux, ili kuipunguzia mzigo prosesa na kumbukumbu ya kifaa hicho kidogo. Hapo toleo la Linux lina kazi ya kufanya, na linaifanya.

Basi ninachowaambia wateja ni hiki. Angalia apdeti ya mwisho ya toleo la Linux na ya Windows. Zikiwa zinakwenda pamoja, cheza la Linux. La Linux likiwa limeachwa nyuma, bonyeza kulia jina la gemu kwenye Steam, ingia Properties kisha Compatibility, uchague kwanza Steam Linux Runtime, ambayo inalipatia gemu maktaba za zamani linazozijua. Magemu mengi yaliyokuwa yanagoma kufunguka yanafufuka hapohapo. Ikishindikana ndipo uchague Proton.

Kabla hujabadilisha, nakili sevu zako pembeni. Toleo la Linux na la Windows mara nyingi huzihifadhi sehemu tofauti, na Steam Cloud haizihamishi kila mara. Pia hakikisha una bando. Steam itashusha mafaili ya Windows, na kwa gemu la GB 60 huo si mchezo kwa anayetumia data ya simu. Wenye bando dogo nawazimia pia ushushaji wa awali wa sheda (programu ndogo zinazoiambia kadi ichore nini) kwenye mipangilio ya Steam. Gemu litakwama kidogo mwanzoni, lakini data haitaliwa kimyakimya kila siku.

Na kuna mashine ambazo kwazo ushauri wangu unageuka kabisa. Laptopu za mtumba zinazojaa Kariakoo na Luthuli Avenue, za aina ya EliteBook 840 G1 na ThinkPad T440, zina prosesa za Intel za kizazi cha nne. Vulkan kwenye kadi za michoro za mashine hizo haijakamilika, na DXVK kuanzia 2.0 inadai Vulkan 1.3. Kwenye mashine hizo toleo la zamani la Linux linalotumia OpenGL linaweza kuwa ndilo pekee litakalocheza vizuri. Unaweza kuilazimisha Proton itumie OpenGL kwa kuweka mpangilio PROTON_USE_WINED3D=1, lakini usitegemee makubwa. Kama bado hujanunua, ongeza hela kidogo uchukue kizazi cha sita au zaidi. Nalisema hili kila siku na kila siku watu wananunua cha nne kwa sababu ya ganda zuri.

"Proton ni emuleta, lazima iwe nzito."

Hapana. Emuleta inaiga prosesa nyingine. Gemu la Windows na kompyuta yako ya kawaida vinatumia prosesa ya aina moja, kwa hiyo maagizo ya gemu yanakwenda moja kwa moja kwenye chipu. Kinachotafsiriwa ni maombi linayopeleka kwa Windows na kwa Direct3D. Gharama ipo, ila kwenye magemu mengi huioni kwa macho.

"Magemu kwenye Linux hukwamakwama."

Ilikuwa kweli kwa kiasi kikubwa, na kuna sababu. Gemu linapokutana na sheda mpya, inabidi ikompailiwe (igeuzwe kuwa lugha ya kadi) kwanza, na zamani DXVK ilifanya hivyo katikati ya mchezo. Novemba 2022 DXVK 2.0 ilianza kutumia nyongeza ya Vulkan inayoiwezesha kuandaa sehemu kubwa ya kazi hiyo mapema, kama dereva wako anaikubali. Anayenukuu uzoefu wake wa 2019 asasishe madereva kwanza ndipo tuzungumze. Nikumbushe pia kwamba Elden Ring ilipotoka Februari 2022 ilikuwa inakwama kwenye Windows yenyewe, na Valve waliingiza marekebisho kwenye Proton yaliyoifanya itulie zaidi kwenye Steam Deck.

"Magemu ya mtandaoni yenye kuzuia udanganyifu hayawezi kucheza Linux."

Yanaweza, mwenye gemu akikubali. Tangu Septemba 2021 Easy Anti-Cheat na BattlEye zote mbili zina njia ya kufanya kazi ndani ya Proton, na ni mchapishaji anayeamua kuifungua au kuiacha imefungwa. Apex Legends ilifunguliwa mwaka 2022, watu wakacheza, kisha Oktoba 2024 mchapishaji wake, EA, akaifunga akisema Linux imekuwa mlango wa wadanganyifu. Fortnite haijafunguliwa kabisa. Valorant ni habari nyingine, kwa sababu Vanguard, programu yake ya kuzuia udanganyifu, inakaa ndani ya keneli, yaani kiini, cha Windows. Kama Valorant ndiyo gemu lako la kila siku, baki na Windows. Sitakuwekea Linux, hata ukinilipa mara mbili.

"Wachezaji wa Linux ni wachache na wasumbufu, haiwalipi watengenezaji."

Hii naisikia kwa watengenezaji, na inaniuma kwa sababu namba zilizopo zinasema kinyume. Mwaka 2021 mtengenezaji wa gemu la ΔV: Rings of Saturn alitoa hesabu zake hadharani. Wanunuzi wa Linux walikuwa asilimia 5.8, lakini walileta zaidi ya asilimia 38 ya ripoti za hitilafu, kama 400 kati ya 1,040. Ukiishia hapo utasema kweli ni wasumbufu. Ila katika hizo 400, zilizohusu Linux peke yake zilikuwa 3. Zilizobaki zilikuwa hitilafu zilizowagusa wachezaji wote, na waliojali kuziandika vizuri, kwa hatua za kuzirudia na faili la kumbukumbu, walikuwa hawa wa Linux. Studio ndogo ingelipa fedha nzuri kupata wajaribu wa namna hiyo.

Kwa hiyo kama una studio na huna mtu wa kulitunza toleo la Linux, usilitoe. Toa la Windows, lijaribu kwenye Proton kabla ya kila apdeti, na kama unatumia Easy Anti-Cheat au BattlEye, ifungue njia ya Proton. Wateja wangu watalicheza.