Sahara Ilipokuwa Mbuga: Habari Zinazosomwa Katika Tope

Kwenye majabali ya Tassili n'Ajjer, kusini mashariki mwa Algeria, wamechorwa twiga, viboko na makundi ya ng'ombe, ilhali leo hata ngamia hupata malisho huko kwa taabu. Michoro hiyo ni ushahidi wa thamani, lakini haituambii mvua ilianza kupungua lini, wala nyasi zilitoweka kwa kasi gani. Kwa maswali hayo, sisi tunaochunguza mimea ya kale hurejea kwenye chavua, ule unga wa maua unaopeperushwa na upepo. Kila chembe yake ina ganda gumu lisilooza upesi inapozama katika tope lisilo na hewa, na ukiitazama kwa hadubini, mikunjo na vitundu vyake hukuonyesha ilitoka kwenye jamii gani ya mimea.

Katika Sahara yote, tope ninalolithamini zaidi ni la Ziwa Yoa, eneo la Ounianga, kaskazini mwa Chad. Mvua ya huko haifiki milimita 2 kwa mwaka, huku jua likikausha takriban mita 6 za maji. Ziwa halijakauka kwa sababu hulishwa na maji ya chini ya ardhi yaliyojikusanya enzi za mvua. Sakafuni mwake pamelala matabaka membamba ya kila mwaka, yanayohesabika kama duara za shina la mti, hadi miaka 6,000 hivi nyuma. Stefan Kröpelin na wenzake, katika utafiti uliotolewa mwaka 2008, walikuta chini kabisa chavua nyingi ya nyasi, pamoja na ya migunga na miti inayohitaji mvua. Kadiri tabaka zinavyopanda, miti inaadimika, nyasi nazo zinapungua, na ilipofika takriban miaka 2,700 iliyopita, mimea ya jangwa tunayoiona sasa ilikuwa imekwisha kutawala.

Chanzo cha mvua zile kilikuwa angani. Dunia huyumba polepole kama pia inayozunguka, na kwa sababu hiyo majira ambayo huwa karibu zaidi na jua hubadilika katika maelfu ya miaka. Siku hizi hulikaribia mwanzoni mwa Januari. Miaka 11,000 hivi iliyopita ililikaribia katikati ya mwaka, wakati wa kiangazi cha kaskazini. Ardhi ya Afrika kaskazini ilipashwa joto zaidi, hewa yake ikapaa, na pepo zenye unyevu kutoka Atlantiki zikavutwa mbali zaidi bara.

Hata hivyo jua peke yake halitoshi kueleza kijani kile. Mchanga mtupu hurudisha angani sehemu kubwa ya mwanga, lakini nyasi huufyonza, na mizizi huyavuta maji ambayo majani huyarudisha hewani yakawa mvua tena. Mimea, kwa hiyo, ilisaidia kuiita mvua iliyoiotesha, na ilipoanza kufa, ukame uliongeza ukame.

Hapa ndipo ulipozuka mjadala. Tope la baharini, karibu na pwani ya Mauritania, linaonyesha vumbi likiongezeka ghafla miaka 5,500 hivi iliyopita, hali tope la Yoa linasimulia mabadiliko ya taratibu. Kwa maoni yangu yote mawili yanasema kweli: vumbi la baharini hukusanywa na upepo kutoka nchi pana, na huenda lilipaa mara tu mabonde fulani ya maziwa yalipokauka, lakini chavua ya ziwani husimulia zaidi habari za jirani zake.

Enzi hiyo ya mvua ilifika hadi kwetu. Ziwa Turkana, kaskazini mwa Kenya, lilijaa hadi maji yake yakafurika kuelekea bonde la Nile, na kwenye fukwe zake za kale, zilizo juu sana na mbali na maji ya sasa, bado huokotwa chusa za mfupa na mifupa ya samaki waliovuliwa kwazo.